Dawa Haioshwi

Misigiri, Iramba
4 Machi 1956

Kwa baba yangu Mughwai, Rungwa.

Shikamoo baba. Najua barua hii unasomewa na katekista Urbano, na najua majirani wamekwisha kujaa uani kusikiliza, basi nawasalimu wote hao kabla sijasema langu. Wakubwa shikamooni. Wadogo hamjambo.

Baba, kazi ya ukunga ninayojifunza hapa hospitali ya misheni naipenda kuliko nilivyowahi kukuambia. Nimepokea watoto wengi kwa mikono hii, na mmoja amepewa jina langu. Lakini ile mbalanga, ule weupe wa ngozi, iliyoanza kidoleni, ukanitania kwamba nimeiba maziwa, sasa imetapakaa migongo ya mikono yote miwili na kupanda hadi viwikoni. Juzi alikuja mama mmoja mwenye uchungu. Aliponiona nanawa akapiga kelele: "Mwenye ukoma asinishike mimi wala mwanangu!" Mama Daktari akamweleza kwamba mbalanga si ukoma, haiumi wala haiambukizi. Hakusikia. Alishuka kitandani akatoka na uchungu wake, akajifungulia nyuma ya stoo, yeye na mama mkwe wake tu. Mtoto alipona kwa rehema za Mungu. Mimi nililia hadi macho yakavimba.

Mama Daktari ni mwema, lakini ameniambia ukweli. Wazazi wakiendelea kunikimbia, hataweza kuniacha wodini. Nitapelekwa kufua mashuka, na cheti cha ukunga nitakisikia kwa wenzangu.

Sasa kuna tumaini. Imekuja dawa mpya kutoka Misri, imetolewa katika mbegu za mmea wa huko. Ni maji ya kupaka. Ajabu yake ni kwamba gizani inalala tu, haifanyi lolote. Jua likiigusa inaamka, nayo inaiamsha rangi ya ngozi. Ila nikishakaa juani kidogo asubuhi, lazima nioshe mikono kwa sabuni, nivae glavu za kitambaa, nisitoke juani tena siku hiyo. Mama Daktari anasema jua likizidi, dawa hiyo hiyo inageuka moto.

Naomba baraka zako kabla sijaanza. Tangu utoto sijapaka dawa bila neno lako, na sitaki kuanza leo.

Mwanao,
Selina

---

Rungwa
2 Aprili 1956

Binti yangu Selina,

Marahaba, marahaba tena. Majirani wanakusalimu. Walicheka habari ya maziwa, kisha uliposomwa ule mkasa wa yule mwanamke wakasogea karibu na Urbano. Mwambie huyo mama kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa na mbalanga toka usoni hadi kifuani. Alikamua ng'ombe wa boma zima, watu wakanywa maziwa, na hakuna aliyekatika kidole. Watu wa huko Iramba wamezoea kuona magari, wamesahau kuona watu.

Baraka nimekupa. Nimetema mate kifuani pangu nikakutaja jina, na mama yako huko aliko amesikia. Dawa inayopatana na jua nimeipenda. Lakini hilo la kuosha limenikwama kooni. Selina, wewe umelelewa nyumbani mwangu. Ulipoungua na uji nilikupaka dawa, je, nilikuosha? Nyuki walipomvamia dada yako Anastazia chini ya mzinga, nilimpaka. Je, aliguswa na maji siku ile? Kwetu dawa ya kupaka haioshwi siku ilipopakwa. Dawa ni mgeni. Humkaribishi mgeni ukamfukuza kabla hajala. Atatoka na kinyongo, na ugonjwa utarudi na ndugu zake. Wala haifunikwi. Iache ipate hewa.

Huyo Mama Daktari namheshimu, na katika asali ninayoleta kuna yake. Lakini Wazungu wanaosha kila kitu, hata kisichochafuka.

Sikulazimishi, umesoma kunizidi. Ila mimi nimepaka watu dawa tangu ujana na sijamharibu hata mmoja. Hilo ndilo jina langu hapa Rungwa, sina lingine. Usioshe.

Asali inakuja kwa basi la kampuni ya reli hadi Itigi, halafu itafika Mkiwa kwa dada yako. Mwambie asiionje sana.

Baba yako,
Mughwai

Mimi Urbano niliyeandika nakusalimu. Hilo neno "usioshe" alinitaka nimsomee tena ahakikishe limo.

---

Misigiri
20 Mei 1956

Dada Anastazia,

Shikamoo. Asali nimeipata. Kibuyu kilikuwa nusu, na mwizi wake namjua, anakaa Mkiwa njia panda na ana mume mpole.

Dada, nina shida na sina wa kumwambia ila wewe na Febronia, mwenzangu wa kitanda cha pili. Dawa nimeanza. Napaka asubuhi, nakaa barazani juani kidogo, naosha, navaa glavu kama bibi harusi. Katikati ya weupe vimetokea vidoa vyeusi, vidogo kama punje za ulezi. Mama Daktari alivyoviona alicheka kwa furaha, akasema tuwe na subira, itachukua miezi mingi. Lakini miezi mingi mimi sina. Mwezi wa saba anakuja mkubwa wa wauguzi kuchagua nani atafanya mtihani wa ukunga, na wazazi bado wananikwepa. Jana mmoja alificha mtoto chini ya kanga nilipoingia.

Na kila ninapoosha mikono namsikia baba. Namwona ameketi anamwuliza Urbano, "Je, umeandika usioshe?" Nikiyaona maji yanatiririka najiona namtukana mtu aliyejinyima asali yake mwenyewe akauza yote nipate kusoma. Labda dawa inachelewa kwa sababu naifukuza kabla haijala. Usicheke. Mchana nikiwa wodini nayajua ya Mama Daktari, lakini nikifumba macho nayajua ya baba.

Juma lijalo tunaanza kuvuna mtama wa misheni, wanafunzi wote tunashuka shambani. Mama Daktari ameniambia mimi nibaki ndani. Niambie dada, nifanye nini?

Mdogo wako,
Selina

---

Mkiwa
8 Juni 1956

Selina mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Mwarabu wa dukani mpaka leo, eti aliisahau chini ya mizani. Nimemtolea maneno ambayo siwezi kuyaandikia mtoto wa misheni.

Sikiliza. Baba anajua nyuki, anajua mizizi ya Rungwa, anajua mvua kabla haijanyesha. Misri haijui. Hiyo dawa hajaichimba yeye. Aliyekupa ndiye anayejua inakula nini. Mshika mawili moja humponyoka, nawe mikono yako ndiyo shamba lako. Osha. Osha mpaka sabuni iishe, nitakuletea nyingine. Baba tutamwambia hukuosha, atafurahi, na hakuna atakayekufa.

Na kaa ndani. Mtama utavunwa na wenye mikono myeusi.

Nijibu haraka nijue umesikia.

Dada yako,
Anastazia

---

Misigiri
11 Juni 1956

Kwa Mama Anastazia, dada yake Selina, Mkiwa.

Mimi ni Febronia, ninayelala chumba kimoja na Selina. Naomba radhi kukuandikia bila kukujua. Barua yako ya kumwambia aoshe imefika leo. Nimemsomea. Amegeuza uso ukutani.

Mama, Selina ameungua mikono. Juma lililopita alipaka dawa kama kawaida, akakaa barazani. Alikwenda kisimani, nasi tukadhani anaosha. Hakuosha. Akavaa glavu mbele ya Mama Daktari, kisha akaja shambani kwa njia ya nyuma, na alipofika akazivua. Nilimwuliza. Akanijibu, "Leo nampa baba siku yake." Alikata masuke ya mtama kutwa, jua kali, anaimba. Sijamwona na furaha kama ile. Jioni hakuwa na hata kidonda, akaniambia, "Umeona? Haijanifanya kitu." Kesho yake mikono ilikuwa inawasha na imekuwa myekundu penye weupe. Akasema dawa inaamka. Akapaka tena, akaenda tena.

Hatukujua kwamba moto wa dawa hii unachelewa kuja. Ulikuja siku iliyofuata. Mikono ilivimba hata vidole havikukunjika, malengelenge yakatokea toka vidoleni hadi viwikoni, makubwa, yameshikana. Alipiga kelele kama wale wanaojifungua. Mama Daktari alipoambiwa aliketi chini sakafuni, mtu mzima yule. Kisha akainuka akamhudumia, na hajalala tangu hapo.

Mkono wa kushoto huenda ukapona vizuri, maana kutwa nzima ulikuwa umefunikwa na masuke aliyokuwa akiyashika. Wa kulia uliokuwa na kisu ulikaa wazi juani. Umeanza kutoa usaha. Njoo, mama, kama unaweza.

Anasema baba asiambiwe. Amesema hivyo hata akiwa na homa.

Febronia

---

Misigiri
15 Julai 1956

Baba yangu,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa rafiki yangu Febronia, kwa sababu mimi nina kidonda kidogo mkononi, usiwe na wasiwasi. Nilipata homa, sasa imepungua. Dada Anastazia alikuja kunitazama, tukakaa vizuri, tukala.

Mkubwa wa wauguzi alikuja akachagua watu wake. Mwaka huu mimi sikuwamo. Habari ya dawa nitakueleza baadaye, nikipata nguvu. Mizinga ya mwaka huu imejaa? Niambie habari za nyuki, nina hamu ya kusikia jambo lisilo la hospitali.

Mwanao,
Selina

---

Mkiwa
19 Agosti 1956

Selina,

Nilifika nyumbani salama, ila sijalala tangu nilipofika. Kila nikishika kisu kukata mboga nauona mkono wako. Mume wangu anasema ninakoroga ugali huku nalia na chumvi imezidi.

Nimeamua. Nitampelekea baba barua, aambiwe mchana kweupe mbele ya majirani wote, Urbano asome kwa sauti: neno lako moja la kujivuna limemla mtoto mkono. Anajitapa hajamharibu mtu! Amekuharibu wewe. Mtu akikosea na aambiwe. Sisi tumekua tunamwogopa kama radi, na wewe zaidi yetu wote, ndiyo maana yamekupata.

Usinizuie. Mimi ni mkubwa wako.

Anastazia

---

Misigiri
30 Septemba 1956

Dada yangu,

Shikamoo. Huu ni mkono wa kushoto. Nimejifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, mistari inapanda mlima, unisamehe. Barua hii imenichukua siku nzima.

Kidonda cha kulia kimefunga. Vidole vimejikunja kiganjani na havinyooki. Mama Daktari amejaribu kwa vibao na mafuta, lakini ngozi mpya ni ngumu, inavuta. Na ngozi hiyo imerudi nyeupe, dada. Yote. Hata pale palipokuwa peusi. Niliitafuta rangi nikapoteza na ile niliyokuwa nayo.

Nilimwuliza Mama Daktari imekuwaje, akanichorea. Alisema ngozi imejengwa kwa vyumba vidogo sana ambavyo jicho halivioni, na ndani ya kila chumba mna mbegu ya kuzaa ngozi nyingine. Dawa huingia ndani ya mbegu ikajilaza. Jua dogo linaiamsha kidogo, inafanya kazi yake, unaosha, unafunika, basi. Jua la kutwa linaiamsha yote kwa pamoja, nayo inaishika ile mbegu na kuifunga isifunguke tena. Mbegu ikifungwa, chumba kinakufa, na kinachokufa kinavimba na kuwasha moto kwa jirani. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Wodini siendi tena. Juzi usiku nilisikia mama akijifungua, nikainuka kitandani kabla sijakumbuka. Nilisimama mlangoni nikauangalia mkono, nikarudi. Kupokea mtoto kunataka vidole vya kufunguka, dada. Mama yule aliyenikimbia alikuwa na hofu ya bure. Sasa akija, atakuwa na haki.

Nataka usimwambie baba. Si kwa sababu namwogopa. Wewe ulishaolewa mama alipougua, hukuona. Mimi nilikuwepo. Alimpaka dawa kila jioni, akamfuta jasho, na alipokufa baba aliuliza watu wote mmoja mmoja, "Niliharibu mahali?" Wakamwambia hapana, mama alikuwa na ugonjwa wake tangu zamani. Akashika neno hilo mpaka leo. Kwamba hajamharibu mtu. Ukimwondolea hilo, utakuwa umemwondolea na mama pia, ataanza kumzika upya.

Mkono wangu umekwisha kwenda. Hautarudi kwa sababu baba amelia. Nakuomba. Sijawahi kukuomba jambo jingine kubwa.

Selina

---

Rungwa
25 Oktoba 1956

Selina,

Kumbe kidonda kidogo. Dereva wa basi la reli alishuka hapa juma lililopita kununua nta, akaniambia mbele ya watu: "Mzee, pole kwa binti yako aliyeunguzwa mikono na dawa ya hospitali." Nilikuwa nimesimama. Nilitafuta pa kukaa nikapakosa.

Mimi baba yako naambiwa na dereva! Dada yako nimemtumia salamu, amejibu habari za mahindi. Mmenifanya mtu wa nje.

Tangu siku ile nafikiri jambo moja tu. Mimi nilikuambia. Niliandikisha kwenye karatasi, Urbano akanisomea tena: usioshe. Sasa mikono imeungua. Basi uliosha. Ulimfukuza mgeni, akatoka na kinyongo akachoma nyumba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe mwanangu umevunjika mkono ule uliokuwa ukinishikia mwenge wa moshi chini ya mzinga, ukiwa mdogo, bila kutetemeka.

Sina hasira. Nina hasira, lakini si sana. Ninachotaka ni kujua. Usiku huu wote nimejiuliza, je, kama hakuosha? Kama alinisikiliza? Nikifika hapo akili inasimama, haitaki kwenda mbele. Nimetoka nje nimetembea hadi kwenye mizinga nimerudi, bado imesimama pale pale. Chakula hakipiti.

Niambie kweli, Selina. Uliosha au hukuosha?

Baba yako,
Mughwai

Dada Selina, ni mimi Urbano, naandika haya yeye akiwa ametoka. Mzee hali vizuri. Ameacha kuwapaka watu dawa; jana amemrudisha mtoto wa jirani aliyeumwa na nge, akasema mkono wake hauamini. Nilipoandika swali lake la mwisho alinishika bega. Utakachoandika nitakisoma kama kilivyo. Sina cha kukushauri, nakuombea tu.

---

Misigiri
20 Novemba 1956

Baba yangu Mughwai,

Shikamoo. Naomba Urbano aisome barua hii polepole na kwa sauti, na majirani wakiwapo wasiondoke.

Ni mwandiko wangu mwenyewe, wa mkono wa kushoto. Wa kulia umejikunja, kazi ya ukunga nimeiacha. Mama Daktari amenipa kazi ya kuwafundisha wajawazito usafi na chakula. Ni ya mdomo, haitaki vidole. Wanaanza kunizoea. Nilikuficha kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu yenyewe utaielewa sasa hivi.

Umeniuliza, nami nakujibu. Niliosha, baba. Neno lako nililipata na nililielewa, lakini nilijiona msomi. Kila siku nilipaka, na kila siku nilikwenda kisimani nikaosha kwa sabuni, nikafunika. Siku za mavuno niliosha pia. Hukuniharibu wewe. Ungekuwa karibu usingeniacha nifanye hivyo, najua.

Mama Daktari usimlaumu, naye hakufanya kosa. Ila nakuomba jambo moja, na hili ulishike hata kama mengine utayasahau. Dawa ya hospitali na dawa ya kwetu hazikuzaliwa nyumba moja. Mtu yeyote huko Rungwa akipewa dawa ya hospitali, akaja kukuuliza, mwambie amsikilize aliyempa, amsikilize huyo mmoja tu. Mimi nilikuwa na wakubwa wawili wanaonipenda, na nilipata tabu kuwasikiliza wote. Kuhusu mizizi yako na majani yako, hakuna anayekuzidi. Akiletwa tena mtoto kama yule wa nge, usimrudishe. Mpake.

Ule, baba. Dada atakuja Krismasi na kuku, nami nitakuja naye nikipata ruhusa. Utauona mkono. Usiulize tena habari ya maji tukiwa wawili, maana nikikuangalia usoni nitalia, na utadhani nalia kwa sababu nyingine. Majibu yangu ni haya haya niliyoandika, mbele ya watu wote.

Nisamehe kwa kutokusikia. Niliosha.

Mwanao,
Selina